Kadi ya Buluu na Njuga za Matulo

Taabu ilinijua kwa jina mwaka wa 1978, nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alifariki wakati wa kupanda, darasa la nne nikaliacha katikati, na kwetu Bungoma hakukubaki hata kuku wa kumchinjia mgeni. Nakumbuka siku moja ya Agosti ya mwaka huo kuliko siku zote, kwa sababu ndiyo ilinifundisha kuchagua kadi ya benki. Usicheke, mwanangu. Tulia nikueleze.

Mwaka huo nilikuwa wa kutahiriwa. Kijana wa Kibukusu huenda mwenyewe kualika jamaa zake. Anavaa vikuku vya chuma mikononi, anashika njuga na kuzigonga kwenye vikuku huku akicheza, nyumba hadi nyumba. Nyumba kubwa ni ya mjomba, ndugu ya mama, maana ng'ombe wa sherehe hutoka kwake. Kwangu mimi yatima, ng'ombe hakuwa na kwingine kwa kutoka. Nisingefika kwa mjomba kule Matulo nikamwalika inavyotakiwa, ningesimama siku yangu kama mtoto asiye na watu.

Mfua chuma jirani yetu aliniwekea mbele jozi mbili za njuga za kuazima. Jozi moja ilikuwa ndogo, nyepesi, imelainika kwa kutumika. Ya pili ilikuwa kubwa kama vikombe vya uji, na sauti yake ilivuka mto. Nilichukua ipi? Wasichana walikuwa wanatazama, bana.

Nilipofika Matulo vifundo vya mikono vilikuwa vimefura kama viazi vitamu. Njuga nilikuwa nimezibeba kwapani. Watu wa mjomba walitoka nje kusikiliza na hakuna kilicholia.

Mjomba akanizunguka polepole. "Unauza sufuria?"

"Hapana, mjomba. Nimekuja kukualika."

"Basi nialike. Piga."

Nikapiga mara moja. Machozi yakanitoka, na mke wake akacheka mpaka akaketi chini.

"Hizi ulichaguliwa au ulichagua?" mjomba akauliza.

"Nilichagua."

"Ulikuwa unanialika mimi, ama ulikuwa unaalika Uganda?"

Akaniuliza nyumba zilizobaki. Nikasema bado kwa shangazi zangu wote. "Na huko utaenda kupiga nini? Meno?" Akanitandika kofi, maana mjomba ana ruhusa hiyo, akaingia ndani na kutoka na njuga zake mwenyewe za ujana, ndogo, hazina urembo wowote. "Shika hizi. Kwanza ujue unaenda kufanya nini, ndio uchague cha kufanyia." Nikazipiga hapo hapo na mikono yangu ile mibovu, nikacheza, nikamwalika. Ng'ombe nilipewa. Njuga hakuzitaka tena, akaniachia.

Sasa turudi kwa kadi.

Kazi yangu ni kufuma sweta za shule hapa Kibomet, Kitale. Nilianza kwa kufagia duka la nyuzi la Singasinga mmoja mjini, mashine nikajifunza kwa macho, na hakuna chuo kilichonipa cheti. Mashine zangu ni za zamani na ni nzuri, lakini sindano zake zikivunjika huzipati dukani, hata Nairobi. Ziko kwa mtu ng'ambo anayeuza kwa mtandao, na huyo hapokei malipo ila ya kadi. Mara mbili tatu kwa mwaka, basi. Siku zote nilikuwa natumia kadi ya mkwe wangu, na kila pakiti ya sindano ilikuja na hotuba yake.

Mwaka jana, shule zikikaribia kufunguliwa, nilikuwa na kazi ya sweta za shule moja ya kule Kwanza, mji mdogo karibu na Kitale. Katikati ya kazi sindano zikaisha. Nikampigia mkwe. "Baba, hayo mambo tutaongea wikendi." Watoto wa Kwanza na baridi ile ya asubuhi hawangojei wikendi, na shule ilikuwa na fundi mwingine aliyekuwa akiikodolea macho kazi yangu. Nikamwambia mjukuu wangu Nasimiyu avae viatu twende benki.

Kijana wa benki alikuwa amefunga tai. "Karibu, Mheshimiwa. Keti." Akapanga kadi tatu za mkopo mezani, ya buluu, ya fedha na ya dhahabu. Ya buluu aliipitia haraka. Ya dhahabu akaishika kwa vidole viwili kama yai. Ati ina chumba cha kupumzikia kwenye uwanja wa ndege, ina punguzo kwenye hoteli za Mombasa, ina pointi. "Hii ndiyo ya watu wa kiwango chako, Mheshimiwa."

Mwanangu, nilifurahi. Mtu wa darasa la nne, aliyefagia duka, leo ni Mheshimiwa! Mkono ukaenda wenyewe kwa ile ya dhahabu.

Nasimiyu akanigusa kiwiko. Huyu huniita Kuka, ndivyo sisi tunavyoita babu. "Kuka," akasema kwa upole, "mikono bado haijafura?"

Nikamtazama. Hadithi ya Matulo nimewasimulia wajukuu kila Krismasi, nikadhani wanasinzia.

"Si nitapumzika uwanja wa ndege," nikajitetea.

"Ukienda wapi? Wewe ndege ikipita unashika kofia tu."

Nikacheka hata kijana wa tai akacheka. Nikarudisha mkono. "Kijana, hii ya buluu inanunua sindano?"

"Inanunua, mzee." Umheshimiwa ulikuwa umeisha.

"Sindano zile zile?"

"Zile zile."

Nikamuuliza ada ya mwaka ya kila moja, na tofauti yake ingeninunulia nyuzi za kutosha. Nikamuuliza nikilipa deni lote kabla ya tarehe, kuna riba? Kwa vitu nilivyonunua, hakuna. Nikilipa kidogo kidogo? Hapo sauti yake ikashuka, nikajua jibu. Akataka kuniwekea kikomo kikubwa cha deni. Nikamwambia kikomo kiishie pale sindano zinapoishia.

Sindano zilikuja, sweta zikafika Kwanza kabla ya kengele ya kwanza. Mkwe akapiga simu. "Baba, bado unataka kadi?"

"Ninayo. Siku ukikwama uje uombe. Hotuba nitakupa bure."

Basi sikia, mwanangu unayetaka kadi yako ya kwanza ununue viatu ama vitabu kwa mtandao mara moja moja. Chukua ile ya chini kabisa, na uulize ada ya mwaka kabla ya kuuliza rangi. Uliza pia wanakata nini ukinunua kwa pesa za nje, maana hapo ndipo mimi niliposhtuka kidogo. Hakikisha unaweza kuifunga kwa simu, na ukishanunua uifunge. Usiende nayo kutoa pesa kwa mashine ya benki, kwa sababu riba ya hizo huanza siku hiyo hiyo. Tarehe ikifika lipa yote. Kama unaona hutaweza kulipa yote, basi hicho kitu bado si chako, kiache. Na ile namba ya siri inayokuja kwa simu, hata anayekuita Mheshimiwa usimpe. Huyo hasa.

Mungu akupe kazi ya mikono isiyokwisha, na mjomba wa kukupiga kofi mapema, na mjukuu wa kukugusa kiwiko ukizeeka. Ulale bila deni, uamke na hamu ya chai.

Mimi leo nina mashine nne za sweta, zote zinafuma. Nina nyumba ya mawe Kibomet, ekari mbili za mahindi Kwanza, ng'ombe watatu. Nina kadi moja ya buluu, ipo kwenye kopo la sindano. Na njuga ndogo za Matulo, ziko ukutani juu ya mashine.