Nusu ya Ubeti Ukutani

Mpaka leo nikikumbuka Jumapili ile damu inanichemka. Kanisani kwetu Kilolo mimi ndiye niliyekuwa nikirusha maneno ya nyimbo ukutani kwa projekta, kwa kompyuta yangu yenye mfumo wa Linux. Ile programu inayopanga madirisha kwenye skrini nilikuwa nimeielekeza mwenyewe, mstari kwa mstari: dirisha la nyimbo lijae ukuta mzima, mengine yabaki kwenye skrini yangu.

Jumamosi nikaweka toleo jipya la programu hiyo. Kumbe walioitengeneza walikuwa wamebadilisha namna ya kuandika maelekezo, bila hata haya, na faili langu lote la maelekezo likawa takataka. Jumapili ibada imeanza, wimbo umetajwa, ukutani ikatokea nusu ya ubeti. Upande wa pili umejaa onyo jekundu la Kiingereza. Nikabonyeza, dirisha likagawanyika tena, sasa yakawa matatu. Nikafungua faili, nikafuta mstari, nikaandika upya, likakataa. Niliwatukana moyoni watu nisiowajua, tena ndani ya nyumba ya Bwana.

Ndipo nikagundua kwamba wimbo haujakatika. Waumini walikuwa wameshafika ubeti wa tatu, sauti zote nne, bila kitabu, wengi wamefumba macho. Mzee wa kanisa akaja akaniinamia, nikadhani ananipa pole.

"Mwanangu, zima tu hiyo taa," akaninong'oneza. "Tangu uilete inatuumiza macho."