Nilivyomtafsiria mama mkwe series ya Kijapani kwa uongo, ikabaki kidogo apelekwe kupimwa akili

Wakuu, habari za huko mliko. Niko huku ughaibuni, Whitehall, pembeni ya Columbus, nimejifunika blanketi mchana kweupe, na nakuja mbele yenu na kisa changu mwenyewe. Sijahadithiwa na mtu. Humu sitaongeza chumvi, maana chumvi yangu yote nilishaimwaga kwenye hiyo series.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Nikitoka warehouse narudi sofani, na safari yangu ndefu ya weekend ni ya kwenda kwenye friji. Shule niliishia form four, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Kiingereza ninacho, ila ni kile cha kuombea kazi.

Nina mchumba yuko Louisville, tumwite Espe. Anatunza wazee, na Jumapili huwa yuko shift, mama yake anabaki peke yake apartment.

Mama huyu ni Mrundi mwenzangu, hasomi Kiingereza, na alikuwa na mashaka na mimi tangu mwanzo. Siku moja kwenye video call alimuuliza Espe nikisikia, "Huyu kijana ana miguu? Mbona kila siku namuona amekaa?"

Basi Espe akaniomba niwe namchangamsha mama kwa simu, Jumapili baada ya ibada. Zilikuwa zimebaki wiki chache nipeleke posa. Nikaona Mungu kanipa nafasi, tena ya kukaa.

Tukatafuta kitu cha kuangalia pamoja. Mama akaona picha ya samaki wameanikwa kwenye kamba, akasema, "Weka hiyo ya samaki."

Kumbe ni series ya Kijapani, imetokana na manga, vile vitabu vyao vya katuni. Kijiji cha baridi, theluji kila mahali. Bibi muuza samaki anakutwa amekufa ndani ya nyumba yake ya mbao. Askari wa kike anatumwa kuchunguza.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Yeye TV yake Louisville, mimi yangu Columbus, simu kwenye speaker. Nahesabu moja, mbili, tatu, tunabonyeza play pamoja. Maandishi ya Kiingereza yakitokea chini, mimi namtafsiria.

Sasa wakuu, hiyo series inakwenda taratibu namna ambayo sijawahi kuona. Mtu anamimina chai. Anaitazama. Anakuja wa pili, naye anaitazama ile ile chai. Chai inapoa, episode imeisha.

"Wanasema nini?" mama akauliza.

"Hawasemi kitu, mama."

"Dakika zote hizo?"

Halafu akaguna. Ule mguno wa kinamama wa kukufuta kwenye orodha.

Mliokulia kambini mtanielewa hapa. Kwenye kibanda cha video hatukuwahi kuangalia picha bila mtafsiri. Jamaa ana maiki, na mhusika akikohoa tu, yeye anakupa ukoo wake mzima mpaka babu. Mtafsiri akinyamaza anazomewa. Nami nilijiona nazomewa kutoka Louisville.

Nikashika maiki.

Kulikuwa na bwana anapita pita na mkoba mweusi. Nikamwambia mama, "Huyo ni daktari. Alizaa mapacha wa siri na marehemu."

"Eee," mama akasema. "Macho yake tu nilishayaona."

Hapo ndipo nilipopotea. Jumapili iliyofuata mapacha wakawa wanadai nyumba. Episode ya nne nikaweka jini kwenye friza la samaki. Mama akawa ananisubiri kwa hamu, hata jina akaanza kuniita "mwanangu". Espe akaniuliza nimempa nini mama yake. Nikamjibu ni kipaji.

Sasa mama ana dada yake Buffalo, sisi tunamwita Mama Mkubwa, anaishi na mjukuu wake binti wa chuo. Baba yake Espe alishafariki, kwa hiyo huyo Mama Mkubwa ndiye angewapokea wazee wetu wa posa. Mama akamsimulia series kwenye simu kama alivyoiona mwenyewe, naye akavutiwa, akaanza kuiangalia, mjukuu akimsomea.

Akangoja daktari. Akangoja mapacha. Hakuna.

Mjukuu akamwambia, "Grandma, there's no doctor. That guy reads the water meter."

Ndiyo wakuu. Yule bwana wa mkoba alikuwa anasoma mita ya maji.

Mimi ningekuwa Mama Mkubwa ningegomba. Hakugomba, aliogopa. Akampigia Espe, akamwambia, "Mdogo wangu anaona watu wasiokuwepo."

Espe akaanza kuunganisha. Kuna siku mama aliunguza maharage. Kuna siku alimwita jirani kwa jina la jirani wa kambini. Wiki haikuisha wakawa wameshakata shauri: mama apelekwe kupimwa kumbukumbu, na ikibidi ahamie Buffalo akae na dada yake. Espe akang'oa vile vitufe vya kuzungusha vya jiko, akawa anatoka navyo kwenye pochi akienda kazini.

Mimi hawakuniuliza, maana waliamini nasoma kilichoandikwa tu, kwa hiyo sikujua lolote. Jumapili nikapiga simu, mama akapokea kwa sauti ndogo.

"Leo tusiangalie, mwanangu. Kichwa changu kinanichezea. Wanasema nasimulia vitu ambavyo havipo. Na kweli nikijiuliza, sijui tena nilivyoviona ni vipi."

Wakuu, nilimwambia, "Pole, mama."

Yaani nilisema pole. Nikakata simu, nikakaa na hiyo pole siku mbili. Nikisema ukweli, posa imekwenda. Nisiposema, mama wa watu mwenye akili timamu anahamishwa nyumba kwa ajili ya jini wangu.

Siku ya tatu nikaomba tuongee wote kwenye video call moja, Louisville, Buffalo na mimi. Nikasema, "Mama haumwi. Daktari nilimtunga mimi."

Mama Mkubwa akasogeza uso kwenye simu mpaka nikaona paji tu. "Na mapacha?"

"Na mapacha, Mama Mkubwa."

"Na jini wa kwenye friza?"

"Siku ile nilikuwa nimetoka overtime."

Espe alisema sentensi moja tu. "Nimemfungia mama yangu jiko kwa sababu yako." Akaondoka kwenye call. Mama naye akaondoka. Mama Mkubwa akaniambia wazee wetu wasijisumbue kufunga safari kwanza, na vipimo vya mama vitabaki pale pale, kwa sababu ya maharage na lile jina la jirani.

Jumapili nikajikunja sofani najua yameisha. Simu ikaita. Mama.

"Hesabu," akasema.

"Nini, mama?"

"Hesabu tubonyeze. Tunaanza episode ya kwanza. Utasema kilichoandikwa. Wao wakinyamaza, na wewe funga mdomo."

Kunyamaza ni kazi ngumu, nyie. Nilikuwa nauma blanketi. Chai inamiminwa, theluji inaanguka, upande wa pili nasikia mama anapumua tu.

Jumapili ya pili ya adhabu yangu, tukiwa episode ya tatu, akasema, "Simamisha. Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Majirani wanaingia nyumba ya marehemu kutoa pole.

"Sikiliza mlangoni," akasema. "Kila anayeingia, ule ubao wa sakafu unalia. Huyu mpwa wa marehemu je?"

Mpwa alimwambia askari kwamba tangu bibi ajenge hakuwahi kukanyaga hapo. Lakini akaingia, akauruka ule ubao bila hata kuangalia chini. Haukulia.

"Mgeni hajui ubao unaolia," mama akasema. "Huyo amezoea kuingia humo kwa kunyata."

Mimi ile scene mara ya kwanza niliipigia kelele za mapacha. Ubao ulikuwa unalia pale pale, nikaufunika kwa mdomo wangu.

Mama akampigia dada yake siku hiyo hiyo. Mjukuu akacheka, yeye alikuwa anamshuku mwenye duka. Tulipofika mwisho, muuaji alikuwa mpwa. Binti akasema, "Okay, how did she even see that?" Yaani, bibi ameionaje hiyo?

Mama akamwambia Espe, "Lete vitufe vyangu." Vikarudi jikoni, na appointment ikafutwa.

Posa bado. Mama anasema itakuja, na kwamba kwa mila yetu muoaji hafungui mdomo siku hiyo, jambo ambalo linamfurahisha sana. Tatizo ni Espe. Anaongea na mimi, lakini kwa sentensi fupi kama za kwenye ile series, na safari hii sithubutu kujitafsiria.

Nililojifunza: mtu akiazima macho yako na masikio yako, mpe alichokuja kukitafuta. Nilidhani nampa mama burudani, kumbe nilikuwa nimesimama mbele ya TV yake.

Wenye uzoefu wa kuomba msamaha kwa mchumba aliye mbali, njooni mnisaidie mawazo. Wa kunisema pia nafasi zipo, niko hapa hapa, siendi popote.