Mechi ya Mwisho ya Specioza

Specioza wa kijiji cha Ngulyati alikuwa golikipa wa chuo cha ualimu, msichana mcheshi. Kwenye mechi moja alirukia mpira, kichwa kikagonga mlingoti wa goli. Alizimia kidogo, akamwagiwa maji, akacheza hadi mwisho.

Wiki zilizofuata mwanga ulimuumiza macho. Alisoma ukurasa mmoja mara nne bila kuelewa kitu. Aliwafokea wenzake bila sababu, kisha akajificha kulia. Wao wakasema anaringa.

Wakati wa likizo, wakichuma pamba, mama yake alimkuta ameketi shambani, mikono mitupu.

“Mayu, nimechoka kuishi,” Specioza alimwambia mama yake.

Mama hakumkemea. Aliiacha pamba palepale, akamshika mkono, wakaenda hospitali siku hiyohiyo.

“Ubongo wake ulitikisika,” daktari aliwaambia. “Huzuni hii imetokana na jeraha hilo. Hajarogwa, wala si mvivu.”

Alipumzika muhula mzima, akienda kliniki kuzungumza na mshauri. Golini hakurudi tena, na hilo bado linamuuma. Leo anafundisha darasa la tatu huko Sola. Siku zikiwa nzito humpigia mama yake simu, wakaongea mpaka atulie.