Alisema Moto

Mke wangu amenikataza kuapa ninaposimulia habari hii. Anasema mtu anayeapa kabla hajaulizwa ana lake jambo. Basi siapi. Nitakuambia tu kwamba alama za chaki bado zipo kwenye kenchi, zile mbao za paa, za karakana yangu kule Kinyinya, Kigali, na ukifika nitakupa ngazi upande ujionee mwenyewe. Utahitaji ngazi. Hilo la ngazi liweke akilini, maana nitalirudia.

Mimi ni seremala. Nilikulia Ngara, upande wa Tanzania, kwa sababu wazazi wangu walikuwa wakimbizi. Nilirudi Rwanda kijana, nikiwa na suruali mbili na Kiswahili changu. Suruali ziliisha, Kiswahili nikakitunza, na nikiri mapema kwamba kilinitia kiburi. Hapa Kigali wengi wanakizungumza kwa kubahatisha, iko hii, iko ile, na mimi sikumwacha mtu apite bila kumrekebisha. Neno lililonikera kuliko yote ni moto. Kwa Kinyarwanda umuriro ni moto wa jikoni, na umeme nao ni umuriro, neno lile lile. Kwa hiyo mtu akigeukia Kiswahili anakuambia "moto imeenda" umeme ukikatika, au "leo sijanunua moto" mita ikiisha. Nami kila mara: "Sema umeme, ndugu yangu. Moto unaunguza." Watu walicheka, nami nikajiona mwalimu.

Karakana yangu ya kwanza ilikuwa Remera, chumba cha kupanga chenye balbu moja, nayo ilining'inia nyuma ya mahali niliposimama. Unaelewa maana yake? Kila nilipoinamia msumeno, kivuli changu kilitangulia kikalala juu ya mstari wa kukatia. Miaka mingi nilifanya kazi ndani ya kivuli changu mwenyewe, mpaka siku moja msumeno ukachukua ncha ya kidole. Mkono wa kushoto, huu hapa. Siku ile nikasema, nikijaliwa kujenga karakana nyumbani kwangu, ndani yake hakutakuwa na kivuli.

Nikajaliwa. Mita tisa kwa saba, nyuma ya nyumba, kenchi zikiwa karibu mita nne kutoka sakafuni. Kuta nilizipaka rangi nyeupe ili zirudishe mwanga. Taa zake nilizipanga kuliko nilivyoipanga harusi yangu, na Mama Keza, yaani mke wangu, hakuacha kunitania. "Papa Keza, unajenga atelie ama unajenga kanisa?" Yeye alikulia Bujumbura, na kwake karakana ni atelie. Mimi nakata na kuunga. Yeye anapiga msasa na vanishi. Alikuwa na kiganja cha ajabu. Alikipitisha juu ya ubao wa mvule, akakuonyesha mahali palipobaki pakikwaruza ambapo mimi na macho yangu yote sikuona kitu. Wateja walikuja kwa ajili ya kiganja kile, si kwa ajili ya misumari yangu. Kona yake tuliiweka karibu na dirisha kubwa ili harufu ya vanishi itoke nje.

Jioni ninayokusimulia, mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Mama Keza alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilibaki peke yangu na daftari, nikijiuliza: tyubu za LED nizipange safu mbili au tatu? Nikiziweka mbali mbali, kivuli kitajificha katikati. Nikizibana, mwanga utaumiza macho. Ngazi sikuwa nayo, jirani anayejenga aliiazima tangu asubuhi. Giza lilipoanza kuingia nikawasha taa ya kuchaji, nikaifunga kwenye ncha ya ubao mrefu, nikawa naiinua huku na huku nione kivuli kinaangukia wapi.

"Hapo ndiyo unasimama wakati unakata?"

Niligeuka. Mzee mmoja alikuwa amesimama mlangoni, amevaa koti la kaki. Mkono wa kulia wa koti ulikuwa umeungua mpaka kwenye kiwiko. Unadhani niliogopa? Hata kidogo. Kinyinya wanajenga kila upande, na mafundi wanapita kuomba kazi kila siku. Nilichokosa kukitilia maanani ni viatu vyake. Nje kulikuwa na tope tupu, na viatu vyake vilikuwa vikavu.

"Karibu, muzehe," nikasema. "Wewe ni fundi umeme?"

"Mi niko mutu ya moto."

Nikatabasamu, nikajisemea, haya, huyu naye. Akachungulia daftari langu, akatikisa kichwa. "Usiulize taa iko wapi. Uliza mutu iko wapi."

Niamini, katika mafundi wote niliowahi kuwauliza, hakuna aliyenieleza jambo hili kwa maneno machache hivyo. Akanisimamisha mahali pa kila mashine, nikainama kama ninayefanya kazi, naye akapanga taa kwa kufuata mwili wangu. "Taa ikae mbere yako na kando, siyo nyuma." Akaniambia kila safu iwe na swichi yake, "ili moja ikikufa, usibaki na musumeno inazunguka kwa giza." Akanionya nisinunue tyubu za bei ya kutupa, zile zinazopepesa upesi kuliko jicho linavyoweza kuona. "Itakuonyesha musumeno imesimama, kumbe iko mbio." Nilikuwa naandika nikiwa nimeinamisha kichwa, na juu yangu nikasikia chaki ikikwaruza mbao. Sikujiuliza inakwaruza wapi.

Tukafika kona ya dirishani.

"Na hapa nani anasimama?"

"Mke wangu."

"Anatumia mukono gani?"

"Wa kulia."

Akaushika ule mkono wa koti ulioungua. "Hapa moto itatoka," akasema.

Nikacheka. Nguzo ya umeme iko upande ule ule, nyuma ya ukuta, kwa hiyo nilimwelewa mara moja. Au nilidhani nimemwelewa. "Sema umeme, mzee wangu. Umeme utaingilia hapa."

"Nimesema moto."

"Najua, najua. Lakini kwa Kiswahili ni umeme."

Alinitazama kwa huruma, huruma ambayo sikuielewa wakati ule. "Wewe unajua Kiswahiri," akasema. "Mi najua moto."

Nikainama nikaandika: Umeme, kona ya Mama Keza. Nikapigia mstari. Nilipoinua kichwa, hakuwepo. Nikakimbilia mlangoni nimuulize jina. Tope lilikuwa limelala mbele ya mlango halina hata unyayo mmoja. Nikarudi ndani, nikainua taa yangu, na huko juu kwenye kenchi nikayaona maduara ya chaki, moja kwa kila mahali niliposimama. La kona ya dirishani lilikuwa na msalaba ndani yake. Karibu mita nne kwenda juu, na ngazi iko kwa jirani! Nikakaa chini juu ya vumbi la mbao mpaka Mama Keza aliporudi.

Nilimweleza yote. Akasikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali moja.

"Alisema moto gani?"

"Umeme."

"Alisema umeme?"

"Alisema moto, lakini alimaanisha umeme."

"Ulimuuliza?"

Nikamtania kwamba wao wa Bujumbura na wa hapa Kiswahili chao ni kimoja. Sikio la kufa halisikii dawa. Tena nilikuwa nimeshajishawishi kwamba yule mzee ametumwa kunisaidia, maana kila duara nililolijaribu kwa taa yangu lilikuwa mahali pake hasa. Kama maduara mengine yote yalikuwa kweli, la msalaba lingekuwaje uongo? Na kweli halikuwa uongo.

Faustin, fundi umeme wetu, alifuata daftari langu kama lilivyo. Nyaya zote akazikutanisha ndani ya boksi moja, akalifunga kwenye kenchi, juu ya ule msalaba. Tulipowasha, Mama Keza alipiga vigelegele. Nilisimama mbele ya msumeno, nikanyoosha mkono juu ya ubao, na kivuli hakikuonekana. Niliona kila unywele wa mbao. Sioni haya kukuambia kwamba nililia.

Miezi minne tulifanya kazi ndani ya mwanga ule. Kisha ikaja mvua kubwa, mchana, na tundu la msumari kwenye bati likaanza kudondosha maji. Mimi nilikuwa kwenye msumeno. Nilisikia mlio kama wa mafuta ya kukaangia, nikageuka, nikaona cheche zikitoka kwenye boksi na kuangukia matambara ya vanishi. Mama Keza alikuwa ameyashika, kwa mkono wa kulia, na yakawaka papo hapo. Nilimvuta nje, majirani wakaja na ndoo za mchanga wakipiga kelele, "Umuriro! Umuriro!" Neno ambalo tafsiri yake nimeirekebisha miaka yote, na siku hiyo halikuwa na kosa, kwa sababu lilikuwa yote mawili, moto na umeme.

Mama Keza alipokuwa bado amelazwa hospitalini, bibi wa nyumba ya pili alikuja kunipa pole. Nikamsimulia habari ya mzee wa koti la kaki. Akashika mdomo. "Huyo ndiye alituletea moto sisi wote hapa," akasema, "na moto ndiyo ilimuua, hata kabla wewe hujanunua kiwanja." Kwa mara ya kwanza tangu nirudi nchi hii, sikumrekebisha mtu.

Bati tumebadilisha, boksi limehamia nje ya ukuta, mbali na kila kinachowaka. Kenchi ile ni nyeusi kwa moshi, isipokuwa duara lenye msalaba, ambalo ni jeupe kama lililochorwa jana. Nimelisugua kwa msasa mara mbili. Limo.

Mkono wa Mama Keza ulipona, lakini ngozi ya kiganja imekuwa ngumu na ya kung'aa, haisikii kitu. Hajawahi kunilaumu. Siku moja tu, nilipoomba msamaha kwa mara ya sijui ngapi, aliniambia, "Papa Keza, ulimjibu vizuri sana. Ila hukumsikia."

Kwa hiyo wewe unayetaka kujenga karakana, kwanza jua mtu atasimama wapi, ndipo utundike taa, na usiutundike umeme juu ya vanishi. Na mtu akikuambia jambo kwa neno linalokukera, liache hilo neno, muulize anataka kusema nini. Kuuliza si ujinga. Mimi nilitaka mahali pasipo na kivuli, na nimepapata, naona kila kitu. Namwona mke wangu akimaliza kupiga msasa, anainama, anafumba macho na kulaza shavu lake juu ya ubao, asikie kama umelainika.