Mshono wa Ndani

Kemuma alipofikisha miaka thelathini na saba alikuwa na hofu mbili zisizopatana hata kidogo. Ya kwanza ni kwamba hatashika mimba tena. Ya pili ni kwamba atashika. Asubuhi ilikuwa zamu ya moja, jioni zamu ya nyingine, na siku za mvua, wateja wanapokosekana na cherehani imesimama, zilikuja zote mbili zikaketi naye barazani.

Baraza hilo liko Nyamira mjini, mbele ya duka la mbolea. Hapo ndipo anaposhona sare za shule. Ana mtoto mmoja, Beverlyne, wa miaka tisa. Wa pili alikuwa mvulana, aliyezaliwa kwa upasuaji miaka minne iliyopita katika hospitali ndogo ya kibinafsi huko Kisii. Aliishi siku mbili. Alipewa jina la babu yake, Ombui, akazikwa nalo. Kemuma alikuwa bado hajitambui, damu za watu asiowajua zikiingia mkononi mwake kwa mrija. Alipofumbua macho mazishi yalikuwa yamekwisha. Mwanawe huyo alimjua kwa kusimuliwa tu.

Tangu hapo siku zake hazina mpango. Mwezi huu zinakuja mara mbili, kisha zinapotea wiki saba. Zikipotea, moyo unamdunda usiku na mchana. Zikirudi, analia kidogo, asijue analilia nini.

Desemba, mumewe Anyona, anayekamua ng'ombe katika shamba moja huko Nyansiongo, alikuja nyumbani Nyaramba kwa likizo. Siku ya tatu, macho yakiwa ndani ya kikombe cha chai, alisema, "Bev amekuwa mkubwa. Ama tutafute mwingine?"

"Nimwone daktari kwanza," Kemuma alijibu.

Kwa Cynthia, msichana anayeshona naye pale barazani, jambo hilo lilikuwa kichekesho. "Daktari wa nini, dada? Mimba haijaziwi fomu."

"Wewe una miaka ishirini na miwili. Kwako inaingia hata ukipiga chafya."

"Ai! Usiniombee hivyo!" Cynthia alicheka mpaka akaharibu kola.

Daktari Pam, wa hospitali ya pale mjini, alikuwa mwanamke mrefu kutoka upande wa ziwani, mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Alimpima Kemuma presha, akatazama mashine, akampima tena.

"Mia moja hamsini na tano kwa mia. Umekuja ukikimbia?"

"Nimekaa kwenye benchi tangu saa mbili."

"Basi si mbio, mama. Ni presha." Akamlaza kitandani, akaangalia kovu lake. "Limelala vizuri. Aliyekushona anajua kazi."

Kemuma karibu aone fahari, kama vile ni yeye aliyelishona.

"Lakini hili ni la ngozi," Pam aliendelea. "Mimi nataka kujua la ndani, la mji wa mimba."

"Si ni moja?"

"Si lazima. Mtu anaweza kukata ngozi kwa kulaza, akifika ndani akakata wima. Hasa kama mtoto alikuwa kingamo, amelala kwa ubavu tumboni."

"Wangu alikuwa kingamo."

Pam aliweka kalamu chini. Akaeleza polepole kwamba mkato uliolala mara nyingi huvumilia. Mkato wa wima unaweza kufumuka uchungu wa kuzaa ukianza, pengine hata kabla, na ukifumuka mama na mtoto hawana muda. Alijiandaa kurudia maelezo, lakini haikuhitajika. Kemuma ameshona makoti kwa miaka kumi na mitano, na anajua kwamba mshono wa nje haukuambii lolote kuhusu ule wa bitana.

"Picha haiwezi kuonyesha?"

"Wakati mwingine inaonyesha, wakati mwingine inadanganya. Nataka karatasi uliyopewa ukitoka. Au turudi kwa hospitali yenyewe."

"Ilifungwa. Siku hizi wanauza mabati pale."

"Basi tafuta hiyo karatasi. Nami nakuanzishia dawa ya presha, ile isiyomdhuru mwenye mimba, na vidonge vya foliki vya kujiandaa na mimba. Hadi Aprili, msijaribu kitu."

Kemuma alipekua sanduku, akapekua chini ya godoro, akafungua hata Biblia ukurasa kwa ukurasa. Alipata kadi ya chanjo ya Beverlyne na risiti ya cherehani. Ya Ombui hakukuwa na hata kipande.

Ikabaki kumuuliza mama mkwe. Kuzungumza naye habari za mwili si jambo jepesi, kwa maana kuna maneno ambayo mke wa mtoto hayatamki mbele ya mama wa mume. Kemuma alimkuta Nyanchera jikoni akimenya ndizi, akachukua kisu cha pili, akasaidia. Ndizi ya tano ndipo alipouliza.

"Mama, kile kitabu cha kliniki. Cha marehemu. Kilikuwa na karatasi ndani."

Nyanchera hakuinua uso. "Unakitakia nini leo?"

"Daktari anakitaka."

Kisu cha yule mama kiliendelea kwa muda, kisha kikasimama. "Nilichoma."

"Ulichoma?"

"Ulirudi Jumatano. Ijumaa ukawa umelala, zile dawa zinakulewesha. Nikasema Sabato haitaingia kwenye nyumba hii na vile vitu. Shali, beseni, zile nguo ndogo ndogo. Na ule mfuko uliotoka nao hospitali. Nikabeba vyote nyuma ya migomba."

"Na karatasi?"

"Sikuangalia, mokamwana, mke wa mwanangu. Na ningeangalia ningeona nini? Nani alinipeleka shule?" Sauti yake ilikuwa imepanda, akaishusha. "Ningekuacha uamke ukute nepi kwenye kamba?"

Kemuma aliikumbuka Ijumaa ile. Aliamka akakuta nyumba imefagiwa, haina chochote cha mtoto, akamshukuru mwanamke huyu kimoyomoyo kuliko alivyowahi kumshukuru mtu. Sasa alitafuta hasira ndani yake, akaipata, lakini hakuona mahali pa kuiweka. Wakamaliza ndizi.

Jioni alimpigia Anyona simu. Daktari aliyempasua alizungumza na Anyona ukumbini siku ile, hilo alilijua.

"Alikwambia nini?"

"Maneno mengi. Kizungu cha haraka." Nyuma yake ng'ombe walikuwa wakilia. "Mimi nilishika moja tu, kwamba uko hai. Mengine yalinipita."

"Hakutaja mkato?"

"Kemu, kama alitaja, aliambia ukuta."

Alirudi kwa Pam mikono mitupu. Daktari alisikiliza habari ya moto hadi mwisho, akashusha pumzi.

"Basi tutachukulia ni wima. Ukipata mimba, uchungu usikukute. Mwezi wa mwisho ulale hapa mjini, si Nyaramba. Tutakupasua mapema, na damu iwe tayari." Akaifunika kalamu. "Hata hivyo siahidi kitu. Na kwa umri wako na hizo siku zinazorukaruka, huenda mimba yenyewe isije. Mkiamua kuacha, mama, hakuna atakayewalaumu."

Kemuma alikuwa amengoja miaka minne mtu mwenye koti jeupe amwambie aache. Aliamini angetoka pale mwepesi. Badala yake alishika ukingo wa meza, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Ndipo alipojua kwamba anamtaka mtoto huyo, na kujua huko hakukumfurahisha. Kungekuwa rahisi zaidi kuogopa tu.

"Hatuachi," alisema.

Mwezi wa Aprili presha ilikuwa imeshuka hadi mia moja thelathini kwa themanini na tano. "Sasa mnaweza," Pam alisema, bila kutabasamu. Kemuma alimwomba aandike habari yote ya mkato kwa herufi kubwa, mara tatu. Nakala moja akaibakiza, ya pili Anyona akaiweka nyuma ya kava la simu yake. Ya tatu alimpelekea Nyanchera, kwa kuwa Anyona hurudi mara moja kwa mwezi, na lolote likitokea mapema, Nyanchera ndiye atakayeita gari na kumfikisha hospitali.

Lakini karatasi inaweza kulowa, inaweza kusahaulika mezani, na msomaji asiwepo. Kwa hiyo walikaa kwenye kibaraza cha nyumba ya mama mkwe Jumapili mchana, Kemuma akimfundisha kuyakariri maneno yake, kwa Kiswahili, maana manesi wengine si watu wa huku na Kikisii hawakijui. Kiswahili cha Nyanchera ni cha sokoni. Cha kitandani mwa mgonjwa hakuwahi kukihitaji.

"Sema, Mama. Huyu alipasuliwa."

"Huyu alipasuliwa."

"Hatujui alikatwa vipi ndani."

"Hatujui..." Nyanchera alijikatiza. Alikuwa akiangalia kule kwenye migomba. "Mimi najua kwa nini hatujui."

"Hospitali hawatakuuliza hilo. Endelea."

"Hatujui alikatwa vipi ndani."

"Msimwache apate uchungu."

"Msimwache..." Mama aliibana midomo kwa ncha ya leso. "Na nikisahau? Nikifika pale, wewe unatoka damu, watu wananikaripia, nikisahau?"

Kemuma alitaka kumwambia hatasahau. Alimtazama mikono, ilivyokuwa ikikunja na kukunjua karatasi asiyoweza kuisoma, na neno hilo likamshinda.

"Tuanze tena," alisema. "Huyu alipasuliwa."

"Huyu alipasuliwa," akaitikia mama mkwe, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayemjibu nesi mkali aliye mbali.