Saa Kumi ya Baba, Saa Sita ya Mwalimu

Nikiletewa hadithi ya bahari siku hizi, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mwezi. Sitafuti nani kampenda nani wala nani kafa. Natafuta mwezi umekua kiasi gani na uko upande gani wa mbingu, halafu natafuta mwandishi kayaweka wapi maji. Nikikuta mwezi mpevu uko utosini, saa sita ya usiku, na maji yamejaa pomoni, nafunga kitabu na aliyeniletea namrudishia palepale. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi ana vituko. Nawaacha wacheke. Kinachonipata mie si hasira, ni kinyaa, kama cha mtu aliyekuta unywele ndani ya wali.

Makosa mengine nayavumilia. Wako wanaomfanya nahodha wa pwani hii atafute njia kwa nyota ya kaskazini, nyota ambayo huku kwetu haitoki kabisa. Wako wanaoligeuza jahazi kwa kulielekeza pua kwenye upepo, kama ile mitumbwi ya starehe ya Wazungu. Jahazi hugeuzwa kwa kuupa upepo mgongo, na foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, hupitishwa upande wa pili wa mlingoti kwa jasho la watu. Ukiligeuza wanavyoandika wao, tanga linaubamiza mlingoti na wote mnakunywa maji ya chumvi. Nasonya, nafungua ukurasa mwingine. Ila la mwezi na maji silisamehe hata kidogo.

Kwa asiyekulia pwani, mambo yako hivi. Mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni. Saa sita ya usiku ndiyo kwanza yanaanza kupanda, na miamba ingali imetoa meno nje. Kwetu hilo si elimu. Mwanamke anayeokota chaza analijua, anayekwenda kuoga bahari analijua. Ukimwambia mtu wa pwani kwamba nahodha alivuka mwamba saa sita ya usiku mwezi ukiwa mpevu, hakuulizi swali. Anajua umemwambia kwamba nahodha yule alikipandisha chombo juu ya mawe.

Baba yangu alikuwa nahodha. Enzi za Mwingereza, miaka ile ya mwishomwisho, alikuwa ameshaacha bahari na amejenga Temeke, nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti, kwenye mchanga mtupu na mikorosho. Mie nilikuwa nimeachika, nimerudi kwake, napika vitumbua asubuhi na kuuza mlangoni. Yeye alisuka vitanda vya kamba. Mkono uliozoea kamba za chombo haukushindwa na kitanda, na watu walitoka mbali kuja kumletea kazi.

Aliiacha bahari kwa sababu ya kijana mmoja. Walikuwa wakitoka Rufiji na shehena ya boriti, mwezi mpevu, upepo unazidi, na mabaharia wakataka kuvuka mwamba mapema, waingie kwenye maji matulivu wapumzike. Baba akawakatalia. Akatia nanga nje, wakatikiswa na mawimbi na kutapika mpaka saa kumi ya alfajiri, mwezi unaelekea kuchwa, maji yamejaa. Ndipo wakavuka, na chombo hakikugusa kitu. Wameshafika ndani, kwenye maji matulivu, wanashusha tanga, kamba ikakatika. Foromali ikaanguka, ikampiga kijana yule kichwani. Hata maji hakuomba.

Mama yake alikuwa mjane, na kijana ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye. Baba alikwenda kwake na sanda mkononi, akakaa chini mbele yake, akamweleza yote, akamwomba radhi. Mama yule hakulia mbele yake. Aliuliza habari ya maji tu, maana baba yake mwenyewe alikuwa mvuvi. Akamwambia, "Kama ulingoja maji, kaka, basi ni siku yake ilifika. Nimekuwia radhi."

Kama ulingoja maji. Radhi yote ilikaa juu ya neno hilo, na baba aliishi juu yake kama watu wengine wanavyoishi juu ya kiwanja. Mama yule baadaye alihamia Temeke, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alimwita baba kaka, na baba alimsukia kitanda. Idi ikifika, sahani yake ya biriani ilikuja kwetu imefunikwa kawa, nasi tuliirudisha na chetu ndani. Baba akishapokea sahani ile alikuwa mtu mwingine siku nzima, hata vitumbua vyangu vilivyoungua alivisifu.

Sasa akaja Mwalimu. Alipanga chumba jirani, alikuwa akifundisha shule iliyokuwa karibu, mtu wa bara, Mkristo, sauti ya upole, shati limenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Ubara wake haukuwa kosa, wala dini yake. Nimekaa na watu wa bara maisha yangu yote na wengi wao ni wakweli kunishinda mie. Huyu alikuwa na maradhi yake peke yake. Gazeti moja la Kiswahili lilitangaza shindano la hadithi na yeye aliamua kuandika ya bahari, bahari ambayo alikuwa hajawahi hata kuikanyaga ikamfika magotini.

Akawa anakuja jioni, anakaa barazani kwetu na kalamu yake, baba anasuka na kusimulia, yeye anaandika. Mtaa mzima ulimwona. Baba alifurahi, nani asingefurahi? Alimweleza kila kitu, pepo, kamba, jinsi ya kutia nanga. Mwishowe akamweleza na habari ya kijana, na akamshika mkono, nikiwa pale nachambua mchele, akamwambia akitaka aandike, majina ayafiche, lakini saa asiiguse. Mwalimu akasema, naam mzee, bila shaka mzee. Niliyasikia kwa masikio yangu haya.

Hadithi ikashinda. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya, na Mwalimu akawa anazunguka nayo Temeke anapiga kengele, anazama kwenye mchanga kila baada ya nyumba mbili, anashuka, anaisukuma, anapanda tena. Jumapili moja alasiri akaja na gazeti barazani kwetu kutusomea. Watu wakajaa. Wanaume juu ya baraza, sisi wanawake kwenye mikeka chini, na mama wa kijana alikuwa ubavuni pangu, tunakula karanga pamoja.

Alisoma vizuri, nampa haki yake. Akasoma mpaka penye mwamba. Basi nikasikia: ilikuwa saa sita ya usiku, mwezi mpevu umesimama utosini mwa nahodha, maji yamejaa yanang'aa kama fedha, na nahodha, asiyejua subira, akaamuru wavuke. Chombo kikatetemeka chini mpaka juu. Kamba ikakatika.

Baba aliacha kusuka. Akasema, "Mwalimu, nilikwambia saa kumi."

Mwalimu akacheka kidogo, akasema hadithi ina mambo yake, Nahodha, akaendelea kusoma. Baba akasema tena, kwa sauti ya juu safari hii, saa kumi, saa kumi ya alfajiri, tulingoja. Na kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kujiangamiza, maana watu walimwona jinsi alivyoshtuka, na mtu anayeshtuka vile huonekana kaumbuka. Mama wa kijana alimwaga karanga zake mkekani, akajifunga kanga, akaondoka bila kuaga. Sikuweza kumzuia. Nilijua anachokihesabu kichwani: saa sita maji hayapo, chombo kimegonga mwamba, mshindo umekata kamba, na nahodha aliyemficha yeye miaka yote amekwenda kukiri kwa mwalimu.

Kesho yake nilimfuata Mwalimu chumbani kwake, nikasimama mlangoni. Nilimuuliza kwa nini. Mie nilidhani atasema kasahau, na kusahau kungesameheka. Hakusahau. Alinieleza kwa upole wake ule, kama anafundisha darasa la kwanza, kwamba saa kumi mwezi unakuwa umeinama, hauna sura, na msomaji anataka mwezi juu ya kichwa cha nahodha. Maji nayo lazima yajae, kwa sababu maji yaliyokupwa hayapendezi. Na lazima nahodha awe na kosa, vinginevyo kifo cha kijana hakina maana. Tulikuwa tumemzika kijana wa watu, na huyu anasema kifo hakina maana mpaka yeye akitilie chumvi. Nilitema mate pale pale kizingitini kwake.

Nilimwomba jambo moja. Aende kwa mama yule amwambie saa ile kaitunga mwenyewe. Akasita, akasema atakwenda, na siku ya pili alikwenda kweli. Nikaongozana naye. Alivaa koti kwenye joto lile na baiskeli kaiegemeza nje, ukutani kwa mjane. Majirani walipoiona baiskeli wakaanza kuja, mmoja mmoja, na walimu wenzake wawili waliokuwa wakipita wakasimama kusikiliza.

Mama wa kijana alimkaribisha kitako, akampa maji. Mwalimu akaanza kuzunguka, habari za fasihi, habari za ubunifu, maneno ambayo hata mie sikuyaelewa. Mama yule akamsubiri amalize. Kisha akamuuliza, polepole, "Mwanangu, mie sijasoma. Niambie tu. Yale uliyoandika ni uongo?"

Neno moja lilitakiwa. Ndiyo. Ndiyo mama, saa ile ni uongo wangu. Mwalimu akatazama mlangoni walipokuwa wamesimama wenzake. Akanyoosha koti lake.

"Mama," akasema, "mimi si mwongo."

Nilimsemea mbele ya watu wote. Nilisema baba alimtajia saa kumi nikiwepo, nilisema kanikiria mwenyewe mlangoni kwake. Mwalimu akainamisha kichwa kama mtu mwema anayetukanwa, na watu wakanionea haya. Mtoto akimtetea baba yake, nani atamsikiliza? Na wale mabaharia wangemsaidia nani, walikuwa wamekwishatawanyika na misimu, na mama yule alikwishasema kwamba baharia hula chungu kimoja na nahodha, ushahidi wake si ushahidi.

Tangu siku ile sahani haikuja. Idi ya kwanza baba alikaa barazani tangu alipotoka kuswali, kanzu yake imenyooka, akijifanya anatazama wapita njia. Mie nilipeleka yetu. Mama yule akaipokea kwa adabu zote, akaimimina, akaiosha, akanirudishia tupu. Nilipita nyuma ya nyumba ili baba asiione, lakini alikuwa ameshageuka kutazama. Kitanda alichomsukia kilikuwa kimetolewa nje, kimeegemezwa mkorosho, kuku wanapandia.

Mwalimu alipandishwa cheo akahamishwa. Kabla hajaondoka alikuja kumuaga baba, sijui uso wake aliuazima wapi. Akasema shikamoo mzee. Baba, kwa tabia yake, akaitikia marahaba. Mie niliingia jikoni, nikakaa huko na moshi mpaka kengele ile ya baiskeli ikatokomea.

Baba hakuumwa sana. Alipoona hali yake imebadilika aliwaita watu akaombana nao radhi, majirani, wateja wa vitanda, hata yule niliyeachana naye. Mama wa kijana nilimwendea mwenyewe, tena na tena, nikampigia magoti. Alisema atakuja. Kila mlango ulipogongwa baba aligeuza kichwa. Alikata roho uso wake ukiwa bado umeelekea mlangoni, na tulimgeuza sisi kumwelekeza kibla.

Mama yule alikuja siku ya maziko, kajitanda kanga nyeupe. Wanawake wakampisha, wote walijua. Akakaa kichwani kwa maiti. Desturi yetu ni kwamba maiti akishakafiniwa, kabla hajatoka, wenye haki juu yake husema wamemsamehe, na sote tulikuwa tukimngoja yeye. Nje wanaume walikuwa wameshaleta jeneza. Akanyoosha mkono mpaka karibu na sanda, halafu akaurudisha mapajani na kunigeukia mie.

"Wewe alikwambia saa ngapi?"

Nikasema saa kumi. Niliapa, wallahi, saa kumi ya alfajiri, mwezi unachwa, maji yamejaa, nikamtajia na mabaharia walivyotapika wakingoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, na kwa kitambo kidogo nikadhani imeingia. Machozi yalimlengalenga.

"Nawe ni mwanawe," akasema. Akainuka, wanawake wakampisha tena, na baba akatolewa vile vile, bila radhi yake.