Koti la Kamanda Aliyesema Anarudi

Hedwiga alipofika Johannesburg mwaka 1994 aliambiwa nchi imekombolewa na kazi zitakuwa bwelele. Mumewe Sipho, mpigania uhuru aliyemwoa wakati yuko uhamishoni Morogoro, aliingia kikaoni wiki ileile waliyotua, na mpaka leo sijasikia kwamba kikao hicho kimefungwa. Hedwiga akaona atakufa njaa akisubiri maazimio. Akaweka cherehani yake kwenye chumba kinachotazama barabara pale Troyeville, nusu ya chumba akampangisha Léocadie, msusi kutoka Bukavu, na maisha yakaanza.

Kati ya wateja wake wote hakuna aliyemshangaza kama Meja Lategan. Alikuwa mzee mrefu wa Randburg, mwenyekiti wa chama cha wanajeshi wastaafu wa kikosi cha ndege za mabomu kilichopigana Italia. Asubuhi moja ya mwaka 1944 kamanda wa kikosi hicho aliruka kwenda kulipua daraja, na hakurudi. Kilichobaki ni koti lake. Basi kila mwaka, tarehe hiyohiyo, wazee walikula chakula cha mchana pamoja, na kiti cha mbele kikaachwa wazi, kimevikwa lile koti. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

Wakishashiba walisimulia. Kila mmoja aliapa kwamba ndege yake ilikuwa ubavuni mwa ndege ya Kamanda, mkono wa kuume, karibu kabisa. Kama ni kweli, basi Wajerumani hawakuwa na haja ya kutumia hata risasi moja. Ndege zingegongana zenyewe. Meja Lategan ndiye aliyesimulia vizuri kuwashinda wote, hata machozi alikuwa nayo tayari.

Nondo nao hawakujua heshima. Kila Septemba Meja aliingia dukani amelibeba koti kwa mikono miwili, na kila mara lilikuwa na matundu mapya. Mwaka 1997 Hedwiga alibadilisha bitana. Mwaka uliofuata, mkono wa kushoto. Baadaye kola, halafu mgongo mzima, kwa kitambaa alichokichagua mwenyewe kwenye maduka ya Wahindi kule Fordsburg. Meja alilipokea, akalinusa, akasema bado lina harufu ya Italia.

"Mama Thabo," Léocadie alimwambia Hedwiga siku moja, akimwita kwa jina la mwanawe, kitana kikiwa mdomoni, "ule commandant amebakisha vifungo tu humu ndani. Hii koti ni ya weye."

"Shii! Wenzio wanaliheshimu kuliko Biblia."

Shida ya kushona koti la marehemu ni kwamba mwenyewe hayupo wa kupimwa. Hedwiga akamtumia baba mkwe wake, Mzee Ephraim, aliyeshinda dukani siku nzima kwenye kiti cha plastiki, akilalamikia baridi. Naye mzee alikuwa vitani. Wanajeshi weusi hawakukabidhiwa bunduki, kwa hiyo alifagia kiwanja cha ndege, akafua nguo za maofisa, akapakia mabomu, maana kubeba bomu hakukuhesabiwa kuwa ni kubeba silaha. Vita vilipokwisha alipewa baiskeli na asante.

Siku ya kwanza alipovishwa lile koti, mzee aliacha kulalamikia baridi. Akapapasa mfuko wa ndani. Kisha akaanza kusema, na Hedwiga, kwa Kizulu chake cha kuungaunga, akaelewa kila neno.

Kulikuwa na jua kali asubuhi ile. Kamanda, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya ndege, alivua koti akamrushia. "Ephraim, nishikie. Narudi sasa hivi." Ephraim alisimama pembeni ya kiwanja na koti mkononi mpaka jioni. Alipokuja ofisa akamkuta bado amesimama, alimuuliza ameliiba wapi. Akanyang'anywa, akalala mahabusu siku mbili, na kwenye faili lake likaandikwa neno moja.

"Mwanangu, sitaki kufa mwizi," alisema. "Nataka waliobaki wanisikie mara moja tu."

Hedwiga alimwomba Meja kwamba Mzee Ephraim akaribishwe kwenye chakula hicho. Meja akasikitika kwa adabu zote. Kanuni ya chama iliruhusu walioruka siku ile tu.

Mzee Ephraim alipoelezwa alicheka mpaka akakohoa. "Lategan aliruka? Alikuwa kwenye hema la wagonjwa, tumbo linamwendesha. Ndoo nilimwaga mimi. Mara saba!"

Ikafika 2004, mwaka wa sitini. Meja alipotuma mtu kuchukua koti, Hedwiga alijibu kwamba safari hii litaletwa. Akamvisha mzee. Lilimkaa mabegani sawasawa, kama amezaliwa nalo, kwa kuwa miaka saba lilikuwa limekatwa kwa kipimo chake. Hedwiga anaapa hakukusudia. Mimi simwamini.

Mlangoni pa ukumbi kule Randburg, Meja aliwanyoshea mkono. "Leteni koti. Nyinyi pitieni jikoni, mtapewa chakula."

Mzee alivua kofia. "Habari za miaka, Bwana Lategan. Lile tumbo lilipona?"

Meja akamtambua. Uso ukamwiva hadi masikioni. Kisha akaufungua mlango wote, akasogea kando.

Mzee Ephraim alitembea taratibu mpaka kiti cha mbele, akakikalia. Wazee wawili wenye mtoto wa jicho walisimama wakapiga saluti. Wa tatu akaanza kulia. Hedwiga aliegemea ukuta, akiogopa watamtoa mzee wa watu kwa nguvu.

"Kaeni," mzee alisema. Akawasimulia. Hakutaja nani aliruka ubavuni mwa Kamanda, wala ndoo. Aliwaeleza jua, ngazi, koti na neno aliloambiwa. "Sikuiba. Nilipewa nishike."

Hakuna aliyebisha. Hata Lategan aliinamia sahani yake. Hedwiga alilia bila kujificha, kwa furaha na kwa hasira, maana maneno hayo yalichukua dakika tano na yalikuwa yamesubiri miaka sitini.

Baada ya kahawa Meja alikohoa, akasema kwa upole kwamba sasa koti lirudi kwenye kabati lake la kioo.

Mzee Ephraim alisimama. Akafunga kifungo cha juu, cha pili, cha tatu.

"Aliniambia nishike mpaka arudi," alisema. "Akirudi, mwambieni niko Troyeville. Aje alichukue."